Kumpa mtu maoni ya wimbo aliojirekodia geto: asikate tamaa, na we usimdanganye

Kama una mdogo wako au mshkaji anayerekodi chumbani kwake basi ushatumiwa tu hizi, "kaka sikiliza hii ngoma afu niambie ukweli", saa nne usiku, faili la dakika tatu na nusu, na anakuona kabisa upo hewani. Majibu yetu tunayajua. Vimoto vitatu, "umeua mwanangu", imeisha hiyo. Au yule mwingine anayejifanya mkweli kuliko wote anaandika "achana na muziki dogo kavue samaki". Yote mawili hayamfikishi popote kwa sababu akimaliza kuyasoma hajui kesho akiamka aguse nini. Maoni yenye faida yanataja dakika, na yanataja kitu ambacho mwenye wimbo anaweza kukibadilisha kwa vifaa alivyonavyo palepale alipo, awe Makorora, Chuda au Pongwe hapa Tanga, bila kumtuma akanunue maiki ya laki tano.

Haya naandika kwa watu wa kawaida wenye masikio, sio maprodusa. Kusoma nota sio lazima.

Hatua ya kwanza: uliza kabla hujasikiliza

Maswali machache tu. Wimbo umefika wapi, bado demo au ushapandishwa YouTube? Maana kama ushatoka, kumwambia arudie beti ya pili ni kumuumiza bure, hapo maoni yako yawe ya wimbo ujao. Anataka usikilizie nini hasa, mashairi, uimbaji au miksi (yaani sauti na biti zilivyochanganywa)? Wengi watakujibu "vyote tu", haina shida, angalau umemfanya afikirie. Afu vifaa: karekodi na simu au ana maiki ya kuchomeka, kwenye programu gani (vijana wengi wanatumia BandLab kwa sababu ni ya bure na inakubali kwenye simu), chumba gani, na biti kaitoa wapi.

Hilo la biti watu wanaliruka na ndo linaloharibu maoni mengi. Ukishusha biti YouTube unapata faili moja, ngoma, besi, kinanda, vyote vishachanganywa humo ndani, kwa hiyo ukimwandikia mtu "punguza kinanda kwenye kiitikio" unamwagiza kitu ambacho hana uwezo nacho. Kuna programu za kutenganisha vyombo siku hizi, ni kweli, ila huwa zinaacha mabaki mabaki kwenye sauti. Anachoweza yeye ni kupandisha au kushusha biti nzima, au kuishusha kidogo pale anapoanza kuimba. Na kama ni biti ya YouTube iliyoandikwa ya bure, mkumbushe asome maelezo pale chini, mara nyingi bure hiyo ni ya kujifunzia tu, akitaka kuiingizia hela mwenye biti anataka alipwe kwanza, na asipomlipa wimbo unaweza kudaiwa au kuondolewa. Bora alijue sasa hivi kuliko akishazoea kila mtu mtaani anauimba.

La mwisho ni faili lenyewe. Wapo wanaopiga wimbo kwenye spika afu wanaurekodi kwa simu nyingine kama voisi noti, wapo wanaokutumia kipande cha video ya stetasi. Usitoe maoni ya sauti hapo, hujaisikia. Mwambie atume wimbo kama dokumenti kwenye WhatsApp, hapo utaupata vilevile ulivyotoka kwake.

Hatua ya pili: sikiliza zaidi ya mara moja, na sio kwenye kitu kimoja

Mara ya kwanza sikiliza mwanzo mpaka mwisho huandiki chochote. Usiruke. Usiangalie mpira huku. Ukimaliza jiulize umebaki na nini kichwani, kama kiitikio kimebaki kiandike hicho kabla ya kingine, maana ukishaanza kutafuta makosa utasahau kwamba ulipenda.

Mara ya pili shika kalamu, au fungua noti kwenye simu, andika dakika na neno moja tu, "0:34 pumzi", "1:12 kachelewa", "2:05 safi sana". Mara ya tatu badilisha chombo. Hapa tunaonea watu kweli. Spika ya simu haitoi besi, haina uwezo huo, kwa hiyo ukimwambia dogo "besi hamna" wakati umesikilizia kwenye simu unamsukuma aongeze besi afu siku ikipigwa kwenye bajaji yenye muziki vioo vinatetemeka. Na kinyume chake, sabufa za majumbani tulizozifungulia besi mpaka mwisho zinafanya kila wimbo uonekane besi imezidi. Hedifoni za waya za kawaida zinatosha, afu simu, afu sabufa ya jirani kama yupo. Kitu ukikisikia kibaya kwenye vyote vitatu basi kweli ni kibaya. Ukikisikia kwenye kimoja tu, nyamaza kwanza.

Hatua ya tatu: tenganisha wimbo na rekodi

Kama hutasoma sehemu nyingine soma hii. Wimbo ni maneno, melodi, na namna mtu anavyouimba. Rekodi ni chumba, maiki, kelele, miksi. Mtu anaweza kuwa na wimbo mzuri kabisa ndani ya rekodi mbovu na ukimjibu kwa haraka atautupa wimbo, kumbe kilichokuwa kinatakiwa kutupwa ni ile rekodi tu. Tanga hii ndo ya bendi za zamani za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ndo ya kikundi cha taarabu cha Black Star alikoimba Shakila, zisikilize rekodi zao za zamani zinavyokwaruza, sauti haina usafi wowote ukilinganisha na hata simu ya dogo wa sasa hivi, na bado harusini zikipigwa wazee wanasimama. Ila na upande wa pili upo: vijana wenye miksi safi, kila kitu kinang'aa, ukimaliza kusikiliza huna ulichobaki nacho. Huyo naye anahitaji kuambiwa, na kumwambia yeye ndo kugumu zaidi.

Namna rahisi ya kujua: mwambie akuimbie kiitikio kwenye voisi noti, mikono mitupu, hamna biti, hamna madoido. Kama bado kinakushika, wimbo upo, sasa mshughulikie rekodi. Kama bila biti kimekufa kabisa basi maoni yako yaanzie kwenye melodi na maneno, usimpotezee muda na habari za maiki.

Hatua ya nne: tafuta chanzo, usiishie kwenye dalili

"Sauti sio nzuri" ni dalili. Nakupa zile zinazojirudia sana kwenye rekodi za nyumbani huku kwetu na zinatokana na nini.

Sauti inavuma kama mtu yupo chooni. Hicho ni chumba, marumaru chini, kuta tupu, dirisha la vioo, sauti inagonga inarudi kwenye maiki. Mwambie ahamie chumba chenye godoro na nguo nyingi, aimbe ameelekea kabati lililo wazi au blanketi zito limening'inizwa, na maiki iwe karibu, kama shibiri moja hivi kutoka mdomoni. Akikuuliza habari za trei za mayai ukutani mwambie ukweli, hazizuii kelele za nje na mwangwi zinapunguza kidogo sana, blanketi zito linazishinda. Najua kila geto lina hizo trei, na kwenye video zinapendeza, lakini ndo hivyo.

Sauti imepasuka. Pale anapopandisha unasikia mkwaruzo. Karekodi juu sana, mistari imegonga nyekundu. Hii mwambie mapema na umwambie bila kuzunguka, kwa sababu sauti iliyokatika kileleni hairekebishiki vizuri kwenye miksi, atahangaika siku nzima na plagini (vile vikorokoro vya kurekebisha sauti ndani ya programu) kwa kitu ambacho kurudia kungemchukua dakika kumi. Arekodi kilele kicheze kati ya -12 na -6 desibeli kwenye kile kipimo cha sauti cha programu, sauti itapandishwa baadaye.

P na B zinapuliza. Nyimbo zetu za mapenzi zimejaa penzi, pendo, pole, kila P inapiga maiki upepo puh. Soksi safi ya nailoni ivutwe kwenye waya wa henga iwekwe mbele ya maiki, au aigeuze maiki pembeni kidogo mdomo usiielekee moja kwa moja.

Anachelewa biti, kila mahali, kwa kiasi kilekile. Hii naipenda kwa sababu watu wanamwambia mtu hajui kwenda na biti, wanamvunja moyo kabisa, kumbe alivaa hedifoni za Bluetooth. Bluetooth inachelewesha sauti, ni kama sehemu moja mpaka mbili ya kumi ya sekunde na wakati mwingine zaidi, yeye anaimba sawasawa na anachokisikia ila programu inampokea kachelewa. Ukisikia ucheleweshaji unaolingana wimbo mzima, uliza hedifoni kwanza. Ukisikia mara kachelewa mara kawahi, hapo ni mazoezi.

Kelele. Feni, jokofu, bodaboda, majogoo, mvua kwenye bati. Mnajua joto la Tanga mwezi wa pili, ukimwambia mtu azime feni saa nzima unamtesa, mwambie arekodi vipande vifupi, beti moja moja, azime feni wakati wa kurekodi tu afu awashe apoe. Na aache sekunde kumi za ukimya mwanzoni asikilize chumba kinasema nini kabla hajaanza kuimba.

Sauti ya roboti. Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha sauti, yenyewe sio dhambi, shida ni kwamba wengi wanaiwasha bila kuiambia biti ipo kwenye kii gani (yaani imekaa kwenye nota zipi), basi inavuta sauti kwenye nota ambazo sio za wimbo ule na mtu aliyekuwa anaimba sawa anaonekana anakosea. Muulize kii ya biti, mara nyingi wenye biti wanaiandika kwenye maelezo, aiweke, afu apunguze kasi ya kuvuta. Huku pwani kuna jambo la ziada. Mtu aliyekulia kwenye kaswida na taarabu anaimba kwa kuteleza, sauti inapita katikati ya nota mbili inazunguka kidogo ndo inatua, na kuna zile nota za katikati ambazo kinanda cha kawaida hakina kabisa. Auto-Tune ya haraka inaikata ile miteremko inakuwa ngazi. Kama dogo ana sauti ya madrasa, mwambie azime kwanza, usikie wimbo wake ulivyo, na mara nyingi utamwambia aiache imezimwa.

Hatua ya tano: maneno

Watu wa huku tuna masikio makali ya maneno, tunasamehe mengi lakini sio mshororo uliopinda. Angalia kama maneno yanaenea. Sio lazima kila bongofleva ikae kwenye mizani ya shairi, hapana, lakini ukisikia mtu anaishiwa pumzi au anabana maneno mwishoni, hesabu silabi utaona tatizo lipo wapi. Chukua mfano huu nimeutunga hapa hapa:

Nakungoja bandarini, meli zote zimepita
Wewe tu ndiye hujarudi, mpaka leo hii mpenzi wangu

Mshororo wa kwanza nane kwa nane, unaimbika wenyewe. Wa pili una silabi tisa upande mmoja na kumi na mbili upande wa pili, kwenye biti ileile mtu lazima akimbie. "Wewe hujarudi bado, moyo wangu unajuta" ingeingia na kina kingeshikana. Lakini usimwandikie. Mwonyeshe silabi zinapozidi, mwache akapunguze mwenyewe, maana ukimwandikia huo unaanza kuwa wimbo wako na yeye anajua.

Kingine kwenye maneno ni pale biti nzito inapoangukia silabi ya mwisho wakati Kiswahili chetu kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, neno linasikika la kigeni. Mwambie asome mshororo kwa kuongea tu, kawaida, afu aimbe, atajisikia mwenyewe panapogombana.

Hatua ya sita: sasa andika

Vitu viwili, vikizidi sana vitatu. Umeona kumi na moja? Chagua. Cha kwanza kiwe kinachohitaji kurekodiwa upya, kwa sababu kama sauti itarudiwa, maoni yote ya miksi yanakuwa hayana kazi. Na uanze na kilichofanya kazi, sio kwa kumbembeleza, ila kwa sababu mtu asipoambiwa pazuri ni wapi anaweza kupabadilisha akapaharibu. Ujumbe uwe hivi:

"Dogo vipi. Nimeisikiliza kwa hedifoni, simu na sabufa. Kiitikio kimekaa, leo nimejikuta nakiimba naosha vyombo, hasa pale 0:52 unaposhuka chini ghafla, usipaguse pale. Vitu viwili. Beti ya kwanza yote unakuja nyuma ya biti kidogo na ni kwa kiasi kilekile, ulivaa hedifoni za Bluetooth? Kama ndio rudia na za waya, au isogeze hiyo traki ya sauti yako kushoto kidogo kidogo huku unasikiliza. La pili 1:37 mpaka 1:44 maneno ni mengi pumzi inakata, punguza mawili matatu. Miksi sijaigusa kwanza, ukirudia hizo tutaongea."

Hamna "ungejitahidi zaidi" humo, hamna "una kipaji ila". Kila sentensi inamwambia aende wapi au aache nini.

Tuma kwake peke yake, sio kwenye grupu. Hata kama yeye kautupia kwenye grupu la mtaa, we mfuate inbox. Grupuni andika kile ulichokipenda na dakika yake, inatosha. Na tuache mafumbo, najua tunayapenda, lakini mtu mwenye wasiwasi na wimbo wake ukimwandikia "mashallah, kila ndege huruka kwa ubawa wake" atalala na hiyo sentensi wiki nzima anaipindua.

Aliyekuzidi umri ni habari nyingine. Tuseme ustadhi wa madrasa ya jirani kajirekodi kaswida na wanafunzi wake kwa simu, kakutumia. Shikamoo kwanza, mshukuru kakuamini, afu maoni yako yaje kama swali, "ustadhi, ile sauti ya watoto pale 2:10 inakuja juu kuliko ya kwako, ndivyo ulivyotaka?" Atakujibu, na kama hakutaka hivyo atauliza mwenyewe afanyeje, hapo sasa mwambie awarudishe watoto nyuma hatua mbili tatu na yeye abaki karibu na simu. Na usimpimie kaswida kwa kipimo cha bongofleva, hahitaji besi, anahitaji maneno yasikike na sauti za pamoja zianze na kuisha pamoja. Dada anayeimba taarabu juu ya kinanda naye vilevile, wimbo wa dakika nane kwake sio mrefu, usimwambie akate.

Ukitaka kulinganisha, linganisha na wimbo anaoupenda yeye wa aina ileile, na sauti zote mbili zifunguliwe sawa. Masikio yanadanganyika, kinachopiga juu zaidi kinaonekana kizuri zaidi, kwa hiyo wimbo wa studio utashinda hata kabla hujasikiliza. Kwa sababu hiyohiyo usimwambie apandishe sauti ya wimbo mpaka ubanwe, YouTube yenyewe inazishusha nyimbo zinazopiga juu mpaka kama -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), anabaki na wimbo uliobanwa na ukubwa uleule.

Akirudi na toleo la pili

Anza na zile dakika ulizomtajia. Amerekebisha? Mwambie "1:37 imekaa sasa" kabla ya lingine lolote, na usimletee orodha mpya ya vitu ambavyo mara ya kwanza hukuvisema kana kwamba vimezaliwa leo, ongeza kimoja, cha miksi sasa, labda sauti yake imezama chini ya biti kwenye kiitikio aipandishe kidogo. Amekataa kurekebisha kimoja? Muulize sababu mara moja, akisema ndivyo anavyotaka basi ndivyo anavyotaka, ni wimbo wake.

Ikifika toleo la tano, faili limeandikwa "mwisho kabisa mpya 2", na we ukiyaweka mawili pamoja husikii tofauti tena, mwambie hivyo hivyo, "sisikii tofauti na la juzi, achia", afu kautafute siku ukitoka uusikilize.